Bakuli Lisilo la Wageni

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za huko na za karakana? Huku tu wazima, ukiondoa goti langu, ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Shemeji yako anakusalimu. Mama naye anakusalimu, na yeye ndiye aliyenikalisha kuandika.

Tangu tumhamishie kwangu, Mama amekuwa mgeni. Sitanii. Anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Akishikwa na kiu ananiuliza, "Mwanangu, naomba maji, kama yapo." Mimi, ambaye alinichapa kwa kulamba sukari! Nikimwekea chakula anasema "asanteni sana", utadhani amelishwa na kamati. Anaonja vijiko vichache, anasukuma sahani. Nguo zimeanza kumpwaya. Na kurudi kwake hawezi: ngazi za kule zimeshamwangusha, na wapangaji wameshaingia.

Jikoni hakanyagi. Juzi nilimwomba atukatie saladi. Akatazama bakuli langu la plastiki, akasema, "Nitakuharibia vitu vyako." Lile lake la mti Shemeji yako alilikalia siku ya kuhama, nalo halikuwa la kukaliwa. Nikerezee jingine, tafadhali. Labda atapata pa kuanzia.

Dada yako


20 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa goti. Mimi mzima, kikohozi cha vumbi la mbao kipo, ila tumeshazoeana na kila mmoja anamheshimu mwenzake. Shemeji mwambie hili bakuli lina macho, asilisogelee na makalio yake.

Lipo ndani ya boksi. Gogo lake lilikuwa limekauka pembeni ya mashine miaka mingi, nikisubiri mtu anayelistahili. Ukuta wake nimeukereza mwembamba, huku nimebana pumzi. Kisha msasa, msasa tena, mwisho vanishi. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, alikuja kujitazama meno ndani yake. Kazi nyingine sikufanya siku hiyo. Nililizungusha mezani nikalitazama, ndiyo hivyo.

Mdogo wako, fundi wa familia


11 Aprili

Mdogo wangu,

Umeamkaje huko? Sisi tunaendelea.

Bakuli lilifika. Mama alilishika kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. "Mwanangu ana mikono," akasema. Halafu akalifunga kwenye taulo na kuniomba nilipandishe juu ya kabati, pamoja na vikombe vya wageni. Sasa kila anayeingia lazima ashushiwe alione. Msoma mita ya umeme aliambiwa anawe kwanza.

Nikamwambia, "Mama, si la kukatia saladi hilo?"

Akanitazama kama nimesema nataka kulifulia soksi. "Bakuli kama hili ulitie kitunguu? Una akili timamu?"

Kwa hiyo ninao wageni wawili, mmoja mlangoni na mmoja juu ya kabati. Na wote wawili hawali. Nitengenezee jingine, la kawaida. Baya kidogo, ukiweza.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Shikamoo, na habari za nyumbani kwa jumla. Huku salama.

Baya kidogo! Kazi hii nimejifundisha mwenyewe, kwa kuharibu mbao za watu, na miaka yote nimekuwa nikiukimbia ubaya. Leo dada yangu wa damu ananituma niurudie.

Lakini nimekuelewa. Nilimkerezea Mama kitu cha kusifiwa, naye akakisifu. Haki yangu nimeipata. Bakuli la jikoni linataka ukuta mnene, mdomo wa kushikika kwa mkono wenye mafuta, kitako kipana kisichotoroka ukikoroga. Vanishi hapana. Mafuta na nta ya nyuki tu, ili kijiko kikilikwaruza lipakwe tena na maisha yaendelee.

Mwenye nyumba wangu amekata mparachichi. Nimepata vipande viwili, vibichi hasa. Ukigusa na patasi maji yanakurukia usoni. Nimekereza maumbo tu, manene kama kidole gumba, nikayapaka nta na kuyafukia kwenye maranda yakauke taratibu. Mti mbichi ukiumaliza leo, kesho unajikunja unavyotaka wenyewe. Hilo ndilo somo la kwanza, nami nililisoma kwa machozi. Nipe miezi.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nitazilipa siku nyingine.

Jana nimetoka sokoni nikamkuta Mama barabarani, mkoba begani, taulo na bakuli lake kifuani, anambembeleza dereva wa gari la mizigo ampeleke nyumbani. "Nimewachosha vya kutosha," ananiambia. Dereva hakujua amtazame nani. Nilipomrudisha ndani akaniomba radhi. Mama, kuniomba radhi mimi! Usiku hakula kabisa. Daktari amempima, anasema ugonjwa hauoni, anachoona ni mtu asiyekula.

Lile la mparachichi usingoje likauke. Lilete lilivyo.

Dada yako


12 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Poleni sana. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Nimefukua moja kwenye maranda, nikalirudisha kwenye mashine na kulimaliza, kinyume cha kila ninachojua. Jioni lilikuwa duara zuri tu. Asubuhi limekuwa yai. Ukiliweka mezani linayumba, upande huu, upande ule, kama mlevi anayetafuta ufunguo. Fundi wa kuchomelea amecheka mpaka kavua miwani yake. Akaniuliza kama mteja ni adui yangu.

Nilitaka kulitupa motoni lichemshe chai. Nimelifunga nikalituma kabla sijabadili mawazo. Usimwambie mtu yeyote limetoka kwangu. Mama mwambie, maana atajua tu.

Mdogo wako


14 Julai

Dada,

Shikamoo. Hamjambo?

Sijapata neno. Kama tatizo ni bakuli, niambie. Kama ni Mama, niambie upesi zaidi. Kila gari la posta likipita nazima mashine. Lile pacha lake bado liko kwenye maranda, linakauka kwa adabu, na hilo nitalileta duara, naapa.

Naomba jibu, hata mstari mmoja.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo, na nasema hivyo bila hofu.

Nisamehe kwa kimya. Kalamu zilikuwa hazionekani. Nimezikuta leo ndani ya kopo la majani ya chai, na majani ya chai yako kwenye droo ya kalamu, kwa sababu "ndipo panapofaa". Mama amehamisha kila kitu.

Lile yai lako nililifungua mbele yake. Akaliweka mezani, likayumba. Akaligusa, likayumba tena. Akacheka, mdogo wangu, kicheko kile cha zamani cha kupiga paja. "Huyu ameambiwa bakuli, ametengeneza mtumbwi!" Nikaanza kukutetea. Akanikatiza: "Nyamaza. Hili halina kitu cha kuharibika." Akachukua kitambaa, akakikunja, akakisukumia chini ya upande mmoja. Likatulia.

"Nipe nyanya. Na kisu. Hiki ndicho kisu chenu? Hiki hakikati hata mvuke."

Tangu siku ile hajatoka jikoni. Anakata, anakoroga, anaonja, na akionja anakula. Kitunguu kimeshaligeuza rangi kwa ndani, naye anasema sasa limeanza kuwa bakuli. Shemeji yako amefukuzwa mara mbili kwa kufunua sufuria. Nguo za Mama zimerudi kumkaa. Goti langu linaniuma zaidi, maana natumwa kutwa.

Jana nilimsomea barua zako. Akasikiliza mpaka kwenye lile pacha la duara, akasema: "Mwambie asilipe gari la posta. Alilete mwenyewe Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, na yule fundi wa kuchomelea aje naye, nimwone huyo anayemcheka mwanangu. Waje na njaa."

Baada ya hapo akawaalika majirani wa mkono huu na wa mkono ule, na dereva wa gari la mizigo pamoja na mkewe. Mimi nimeambiwa habari hizo na majirani.

Usikose kuja.

Dada yako