Machozi Yangu Kwenye Bango

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii naiomba ikukute umekaa kivulini, umenyoosha miguu, na lile goti lako limetulia. Shemeji hajambo? Kifua chake kimeacha kukoroma? Wajukuu wote wasalimie, hata yule mtundu aliyeifungua saa yangu ya ukutani ili aone nani anapiga kelele ndani. Sisi huku ni wazima, tunakula, tunashiba na tunabakisha. Hilo la kushiba nimeliandika makusudi, na sababu yake ndiyo hii inayofuata.

Furushi lako limefika. Nilikuta nguo, sabuni, mchele, na kile kikaratasi chako kwamba nisione haya, sisi ni wa tumbo moja. Dada, nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia kidogo. Ahsante sana, moyo wako naujua. Lakini mimi sina njaa. Cherehani zangu sasa ni mbili, nashona sare za shule tatu, na mwaka huu nimenunua kabati lenye vioo. Gauni la bluu nimelichukua kwa sababu limenikaa kama nimepimwa. Vingine nimempa jirani aliyeunguliwa na nyumba, kwa hiyo thawabu yako haikupotea njiani.

Najua ulichokiona. Huyo mgeni aliyetoka huku alikuonyesha kwenye simu yake bango lenye sura yangu, machozi yananitiririka, na chini yake pameandikwa kwamba mama huyu hana mtoto wa kumtunza, leo hajala, tafadhali changia. Sura ile ni yangu kweli. Yaliyobaki ni uongo mtupu, na ni afadhali uyapate kwangu kuliko kwa wapita njia.

Unamkumbuka kitindamimba wangu, yule uliyesema ana mikono ya kiume? Basi mikono hiyo ndiyo imemtoa. Aliingia chuo cha ufundi kusomea kuchomelea vyuma, msichana peke yake kati ya wavulana thelathini na mmoja. Walimcheka mpaka wakachoka wenyewe, na alipoanza kuwapita wakampa jina la Cheche. Siku hizi mtaa mzima unaniita Mama Cheche, na mimi naitika kabla hawajamaliza. Siku ya kupewa vyeti aliitwa wa kwanza. Wa kwanza, dada! Wala si wa kwanza kwa wasichana, maana msichana alikuwa yeye tu. Akashuka jukwaani na ovaroli lake, akaja kusimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Nikalia vile ambavyo sikulia hata tulipomzika baba yao. Mpiga picha wa chuo akatupiga hapo hapo. Hayo ndiyo machozi uliyoyaona. Ni machozi ya mama aliyezaa akajua amezaa.

Sasa mpiga picha yule, kumbe, alikuwa na kibarua kingine kwenye shirika moja la hisani. Wakatafuta uso wa huzuni, akawapa wangu. Mimi ni fundi, najua kukata, lakini ukataji ule sijapata kuuona. Mwanangu wakamtoa mzima, rangi wakazifubaza, nikabaki peke yangu kama nguo iliyosahauliwa kambani. Ila walikata kwa haraka. Begani mwangu vilibaki vidole vinne visivyo na mwenyewe.

Bango lenyewe nililiona kwanza kwenye ukuta mrefu ulio mkabala na zahanati. Nilikuwa mbali na miwani nimeiacha nyumbani. Naona uso wangu, mkubwa kama mlango! Moyoni nikasema, chuo kimenitundika, mama wa mwanafunzi bora. Sikusogea hata kusoma. Niligeuka mbiombio nikawakusanya majirani watatu, nikawaambia waache kufua, waje waone faida ya kuzaa. Tukafika pale, mimi mbele, shingo imesimama. Mwenye duka la dawa lililo hapo karibu ndiye aliyesoma kwa sauti, na kila neno sauti yake ikawa inashuka. Hakuna aliyecheka, dada, na heri wangecheka. Jirani mmoja akanishika mkono akaniuliza polepole kama asubuhi nimekunywa chai.

Aibu yangu ningeimeza. Nimeshameza kubwa kuliko hiyo. Kilichonikaba ni kuona inamwangukia mtoto. Karakana yake ilikuwa na miezi minne tu tangu aifungue. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anatengenezea wenzake mageti huku mama yake analala na njaa. Mkuu wa shule moja aliyeagiza geti kubwa, kazi ambayo ingemtambulisha mji mzima, akatuma ujumbe kwamba ameahirisha, kwa kuwa anayemtupa mzazi wake haaminiki hata na kufuli. Cheche alinisomea ujumbe ule, akavaa kofia yake ya kuchomelea, akarudi kazini. Nilijua amevaa ili nisimwone uso.

Mimi nilitaka kuchukua ngazi nikalibandue bango kwa kisu cha kukatia kitambaa. Yeye akanikataza, akasema nikilibandua nimewasaidia kuficha. Akazunguka na simu yake akalipiga picha kila lilipo, mabango sita, pamoja na jina la mtaa na tarehe. Kisha akatupeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ile isiyotoza. Mwanasheria wetu ni binti mdogo hivi, ungemwona ungedhani kaja kupimwa sare. Lakini ulimi wake! Alitueleza taratibu mpaka nikaelewa, nami nakueleza wewe usije ukachezewa. Alisema picha inaweza kuwa mali ya aliyepiga, lakini sura ni ya mwenye uso. Mtu hana haki ya kuchukua sura yako kutangazia jambo lake bila ruhusa yako, hata kama alikupiga mbele ya watu. Na akiitumia kwa namna inayowafanya watu wakudhanie uongo, hapo amekuvunjia heshima, na hilo ni dai jingine kabisa. Cheche naye ana lake, kwa kuwa ukisema mama fulani hana mtoto, umemsema mtoto.

Ikaandikwa barua ya madai, wakapewa siku kumi na nne. Siku ya kumi na mbili wakatuita.

Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, baridi kama ndani ya jokofu, na viti vyao vina magurudumu. Nilikaa ukingoni kisije kikaniondokea. Alikuwapo mkurugenzi, mtu wa tabasamu tele, na wakili wao mwenye jalada nene. Wakili akaanza kwa kusema nyuso hufanana, hatuna hakika kama yule ni mama huyu. Mimi! Nilitaka kumjibu, mwanasheria wetu akanikanyaga mguu. Cheche aliinuka, akaja nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani vile vile, akawaomba walitazame bango lao kwenye zile picha zetu mezani. Kidole chake cha shahada kina kovu refu la moto, alilipata mwaka wa kwanza chuoni. Kovu lile lile limelala begani mwangu kwenye bango. Mkurugenzi akaangalia bango, akaangalia mkono, akaangalia bango. Tabasamu likaisha.

Hapo wakili akabadili wimbo. Akasema sawa, ni yeye, lakini mpiga picha alikuwa na ruhusa. Akaanza kulifungua jalada. Mwanangu akasimama wima akasema kwa sauti ya karakana kwamba mama yake hajasaini kitu chochote, na anayesema amesaini aoneshe.

Dada, hapa nakunong'oneza. Nilikuwa nimesaini.

Siku ile ya vyeti mpiga picha alinipa karatasi akaniuliza kama picha inaweza kutumika. Nikamwambia aitumie, aibandike hata mwezini. Maandishi yalikuwa mengi, madogo, ya kiofisi, na watu walikuwa wamesimama nyuma yangu wanasubiri. Wewe unajua niliishia darasa la nne. Hii barua yenyewe nimeiandika kwa siku tatu. Lakini wanangu wote wamekua wakiamini mama yao alimaliza shule na alikuwa wa kwanza darasani, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia ili wasome. Sasa siku ya mtoto kuwa wa kwanza, nianze kufuata mistari kwa kidole mbele ya walimu wake? Nikaitazama karatasi kama msomi, nikaitikia kwa kichwa, nikasaini. Na Cheche aliponiuliza, mwanzoni kabisa, kama kuna karatasi yoyote niliyotia sahihi, nikamjibu hakuna. Akalala na jibu hilo, akalibeba mpaka ghorofa ya tatu, akaliweka mezani pa watu kwa kifua mbele.

Nikamwona anavyosimama pale akiniamini. Jalada lilikuwa linafunguka. Nikasema moyoni, bora aumbuliwe na mama yake kuliko na mgeni. Nikasimama, kiti kikakimbia nyuma, nikasema kwamba karatasi ipo, sahihi ni yangu, sikuisoma kwa sababu kusoma kwangu ni kwa kukokota na niliona haya, na mwanangu nimemficha. Cheche akanitazama tu.

Mwanasheria wetu akaiomba karatasi. Akaisoma mara moja, akairudia kwa sauti. Pameandikwa kwamba namruhusu mpiga picha aitumie kwenye jarida la chuo, habari za wahitimu. Basi. Akaiweka mezani akawauliza kama wao ni jarida la chuo. Akasema ruhusa ni kama kitambaa, ina urefu wake, haivutwi ifike unapotaka. Karatasi niliyoiogopa wiki tano ndiyo iliyowafunga midomo.

Walikubali kila kitu. Mabango yataondolewa yote sita. Watalipa fidia. Nami nikadai langu: picha nzima, mimi na mwanangu, kwa ukubwa ule ule, kwenye kuta zile zile, pamoja na maneno ya kuomba radhi.

Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, mtoto akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia mtoto akikuona mrefu sana, ni kazi kushuka mbele ya macho yake. Akasema kumbe aliyemfundisha herufi kwa chaki kwenye meza ya kushonea alikuwa anajifunza pamoja naye. Nikamwambia ndiyo, na herufi nyingine alinitangulia. Akacheka, dada, akaniegemea, na uzito wake wote ule wa vyuma.

Wiki iliyofuata tuliitwa kutia sahihi makubaliano. Wakili akanisogezea karatasi, akanionyesha kwa kalamu mahali pa kusaini, hapo chini. Nikavaa miwani. Nikaweka kidole kwenye neno la kwanza. Nikawaambia wakae, nina kurasa mbili. Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno, na nilipokwama nilirudi nyuma nikaanza upya. Mkurugenzi akaangalia saa mara nne. Cheche alikaa kando yangu amekunja mikono, na hakunisaidia hata herufi moja. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile.

Nikafika kwenye yale maneno ya kuweka kwenye bango. Walikuwa wameandika kwamba shirika linaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Nikaiweka kalamu chini. Nikawaambia usumbufu ni mvua kukunyeshea nguo zikiwa kambani, na haina wa kulaumiwa. Hili halikujitokeza, nyie mmelifanya, na jina lake ni uongo. Andikeni uongo. Wakili akasema neno hilo ni kali. Nikamwambia nilisoma mpaka darasa la nne tu, makali yake nayajua na maana yake pia. Wakatoka, wakashauriana, wakarudi wakaandika. Liko ukutani sasa, herufi kubwa, mkabala na zahanati. Mkuu wa shule naye alikuja mwenyewe kuulizia geti lake, Cheche akamwambia apange foleni.

Kalamu naiweka hapa, nina sare kumi na nne za kukata kabla ya Jumatatu. Msalimie shemeji, wabusu wajukuu, na goti ulikande kwa maji ya moto, usilidharau. Ukijibu, andika kwa herufi kubwa kidogo, na usimpe mtu anisomee.

Mdogo wako akupendaye,

Mama Cheche