Cherehani Isiyo na Uzi

Dada mpenzi,

Hatujambo, ila paa la jikoni bado linavuja na fundi ananizungusha tu. Chiriku, binti yangu tuliyempa jina hilo kabla hatujajua kwamba hatasema, bado hataki kuguswa. Cherehani yangu ikinyamaza, anagonga kichwa ukutani. Kwa hiyo nikimaliza kushona huchomoa uzi, nikaendelea kukanyaga bure mpaka asinzie. Majirani wanadhani nina wateja tele.

Juzi homa ilinibwaga kitandani. Nikajifunika shuka, nikingoja vishindo vya kichwa chake. Badala yake nikasikia cherehani. Nilipochungulia, Chiriku alikuwa amepiga magoti, anasukuma kanyagio kwa mikono miwili, macho kwangu. Uzi alikuwa ameuchomoa. Nilipofumba macho akapunguza mwendo, kama ninavyomfanyia yeye. Nikalala fofofo.

Najua umeshampatia nafasi kwenye kile kituo cha kulea watoto kama yeye na unakuja kumchukua. Njoo, dada, chumba chako nimeshakifagia. Ila uje kututembelea tu.

Mdogo wako,
Mama Chiriku