Viti Vyangu kwa Bibi Stefania

Busunzu, Jumanne. Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukatika. Baridi kali. Moyo umechafuka, na leo sitaki kujifariji.

Majina yametoka. Bibi Stefania hayumo.

Huyu bibi ni jirani yangu. Umri umekwenda, na analea wajukuu wawili tangu mama yao afariki. Watoto wanalalia magunia. Wanakula mara moja kwa siku, ugali wa muhogo na kisamvu, na kuna siku hata huo hakuna. Mimi ndiye mhudumu wa kujitolea hapa kijijini, na mimi ndiye niliyepeleka jina lake kwa shirika linalosaidia wazee na yatima. Kama kuna nyumba iliyostahili unga na magodoro yao, ni ile.

Sasa nikiri nilichofanya. Tulipoambiwa wakaguzi wanakuja, niliona aibu. Kwetu Uha mgeni hakalishwi kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikabeba viti vyangu vinne na vitambaa vyake vya kufuma, nikavipanga kwa bibi. Chupa ya chai yangu, vikombe vyangu. Jirani mmoja akatoa jogoo, mwingine mchele. Bibi akavaa kitenge alichojiwekea cha kuzikwa nacho.

Wakaguzi wawili kutoka Kibondo mjini wakala, wakasifu mchuzi. Kisha wakatoa kishikwambi, wakamuuliza bibi ana shida gani. Akajibu kwa Kiha, nami nikatafsiri kama punguani: tunamshukuru Mungu, hatujambo.

Mtu mzima wa huku hamwambii mgeni anayekula kwake kwamba yeye ana njaa. Nalijua hilo tangu utoto. Na bado nilifunga mdomo.

Leo nimeonyeshwa walichoandika. Ana samani. Anamudu kitoweo. Anajiweza.

Anajiweza! Kwa jogoo wa kuazima! Hivi hawakuinua macho wakaona paa linavyovuja? Chumba cha pili hawakuchungulia kabisa. Nina hasira nao, tena sana. Lakini viti ni vyangu, na mimi ndiye niliyevibeba.

Jioni nimekwenda kumwambia. Alisukuma kuni, kisha akaniuliza:

"Lakini mwanangu, wageni walishiba?"

Nikamwambia walishiba. Akashukuru, kwa dhati kabisa. Wajukuu walikuwa wameshalala, na sufuria ilikuwa imepinduliwa, kavu.

Nimerudi kwangu nikalia kwa uchungu.

Asubuhi napanda gari la Kibondo. Nitawaambia kwamba kila kitu mle ndani kiliazimwa, na mwenye wazo hilo ni mimi. Wakinifuta kazi ya kujitolea, wanifute. Nitawaomba warudi kukagua upya.

Na wakikubali? Bibi wa umri ule nitamfundishaje kumwambia mgeni kwamba ana njaa?