Mheshimiwa Hanratty Mstari wa Mbele

Jumatatu, 12 Mei 2025
Tasnifu yangu ya udaktari imepita kwa watahini wa nje! Miaka yote hii ya hapa Guangzhou, China, nimechimba maisha ya Mheshimiwa Hanratty, waziri wa afya wa zamani kule Ireland. Diwani, mbunge, waziri — halafu akajiuzulu kupinga hospitali za vijijini kufungwa. Sura tatu nzima ni za kumsifu kwa hilo tu. Kwetu mkubwa anang'ang'ania kiti mpaka ang'olewe, ndiyo maana nilimpenda. Kuitetea mbele ya jopo ni Jumanne ijayo. Skolashipu inaisha Juni. Mama ameshaanza kuniita Daktari, nami naitika!

Alhamisi, 15 Mei
Bi Mwanahija, Mzanzibari anayenunua jinzi za jumla Xintang, mji wa viwanda hapa jirani, kapiga simu asubuhi. Laoban wake, yaani bosi wa Kichina anayemuuzia, anafungua kiwanda kipya, kaleta waziri mzungu akate utepe. "Jina lake ndo lile la kwenye kitabu chako, mwanangu. Njoo!" Nikaenda mbio.

Ni yeye! Mzee, shati limelowa jasho, ua jekundu la mgeni rasmi kifuani. Siku hizi ndiyo kazi yake — makampuni yanamwalika, anakata utepe, anapigwa picha. Nikamweleza tasnifu yangu. Akacheka mpaka akakohoa. Kujiuzulu? Alifukuzwa! Hospitali zile alizichagua yeye mwenyewe zifungwe. Wananchi walipowaka, chama kikamtoa kafara, kikamwandikia na hotuba ya kishujaa ya kuagia.

Nimerudi na metro, treni ya mjini. Nina hasira!

Ijumaa, 16 Mei
Nimemwambia Profesa Lin, msimamizi wangu. Hakushtuka. Akasema tasnifu iliyopita imepita, kuandika upya sura tatu ni mwaka mzima, na mwaka huo hauna skolashipu. Maneno ya mzee kwenye sherehe si ushahidi. Kisha macho yakamng'aa — kumbe mheshimiwa yuko huku? Aalikwe kwenye utetezi!

Nimejichimbia kaburi kwa mdomo wangu.

Jumanne, 20 Mei
Niko kwenye korido. Mheshimiwa amekuja. Mstari wa mbele, na lile ua amelibandika tena.

Nilimfuata kabla hawajaanza, nikamwuliza niseme nini. Akanishika mkono. Ameniomba ile sehemu ya kujiuzulu niisome polepole — anamrekodia binti yake. Binti alikuwa nesi kwenye mojawapo ya hospitali zile. Hajasema na baba yake tangu ifungwe.

Mungu wangu.

Profesa Lin yuko mlangoni, ananiashiria. Nyuma yake namwona mzee ameshainua simu, anatabasamu, kanielekezea mimi —