Ng'ombe Wote wa Mzee Marwa

Mjukuu wangu Chacha,

Marahaba, ingawa mimi bibi yako wa ukoo nimekuzidi miaka miwili tu. Huku Morotonga hatujambo.

Unauliza kumbukumbu ya mabadiliko ya jedwali, ile inayoandika kila kilichobadilishwa na aliyekibadilisha, ina kazi gani. Sijamwambia mtu: juzi, kwenye kompyuta ya ofisi ya mifugo ninakojitolea, nilibadilisha mmiliki wa ng'ombe mmoja aliyenunuliwa na mzee Marwa, nikasahau kutaja namba ya ng'ombe huyo, kompyuta ikabadilisha orodha nzima. Ng'ombe wote wa kijiji wakawa wa mzee Marwa, aliyeketi mbele yangu akisubiri kibali.

"Mbona umeacha kuandika, binti? Ng'ombe wangu wamepungua?"

"Hapana, babu. Wameongezeka."

Akacheka, akidhani namtania. Kumbukumbu ilikuwa imetunza kila jina la zamani, nikawarudishia wenyewe ng'ombe wao. Hadi leo nafurahi! Jina langu limebaki mle kama la aliyekosea. Nilitaka kulifuta, nikashindwa kuidanganya kumbukumbu iliyoniokoa. Ila hakuna anayeifungua, kwa hiyo nawe usimwambie mtu.

Bibi yako, Bhoke