Yasiyokuwa Kwenye Orodha

Shamba la kahawa, Ruiru
21 Januari 1951

Shemeji Nzau,

Nakusalimu wewe na Ndila, na hiyo cherehani pia, maana najua ndiyo unayoiamkia kabla ya mke wako. Mko wazima? Huku tuna afya. Kamene alikohoa wiki mbili lakini amepona, na anauliza mwanawe atakuja lini. Tangu ulipoanza kumwita mama kwa sababu ana jina la marehemu mama yenu, mtoto huyu wa miaka sita ameamini kabisa kwamba yeye ndiye aliyekuzaa.

Sasa nisikilize. Jana meneja aliniita ofisini. Amesema nyumba hii ni ya seremala wa shamba, na seremala mpya anaingia mwezi wa tatu. Amesema Kisilu amezikwa miezi mitano sasa, na yeye amevumilia vya kutosha. Nilitazama tu ile rafu ya ofisini ambayo mume wangu aliipiga randa kwa mikono yake.

Nimeamua kurudi kwetu Kimilili. Mama yangu ameniwekea kipande cha shamba, lakini kaka yangu anasema kisipolimwa kabla ya mvua kukolea atampa mtu mwingine. Ndiyo maana sina utulivu. Nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Hesabu yangu ni hii. Tikiti ya gari moshi daraja la tatu mpaka Bungoma, shilingi kumi na nne. Ya Kamene saba. Mizigo thelathini. Lori la kutoka Bungoma mpaka nyumbani, kumi. Jumla sitini na moja. Zile mia mbili na arobaini ambazo shamba lililipa kwa kifo cha ndugu yako unazo wewe, kama wazee wenu walivyotaka. Nitumie zote, nipate nauli, mbegu, na mabati kidogo. Mpe Zacharia, dereva wa lori la maziwa. Ni mwaminifu.

Shemeji yako,
Mama Kamene


Thika
28 Januari 1951

Mama Kamene, shemeji yangu wa nguvu,

Pokea salamu za nyumba hii. Ndila hajambo, cherehani haijambo, mimi ndiye ninayeumwa na mgongo kwa kushona kaptura za shule. Mwambie mama yangu asikanyage umande, kikohozi kisirudi.

Nimesoma hesabu yako mara tatu na nimecheka mara moja. Shemeji, unahama au unakwenda sokoni? Mimi nilikaa stoo ya jeshi kule Burma miaka mitatu. Nilihamisha sufuria, mahema na nyumbu wa kikosi kizima, na nilijifunza jambo moja: kinachomaliza pesa njiani si kile ulichokiandika, ni kile ambacho hukukiandika. Lazima uwe na fungu la dharura.

Nimekutengenezea. Gari la Ruiru likichelewa mtalikosa lile la Uganda na kulala Nairobi: shilingi nane. Wapagazi wa stesheni, ambao wakiona mjane hupandisha bei: sita. Mizigo kupimwa upya, kwa kuwa karani wa Nairobi haamini mizani ya karani wa Ruiru: kumi na tano. Turubai, mvua ikinyesha: kumi na mbili. Sahani zitakazovunjika: tano. Ugonjwa: ishirini. Na mambo ambayo hata mimi siyajui: hamsini. Hizo ni mia moja na kumi na sita juu ya sitini na moja zako. Utafika kwenu na sitini na tatu tu mkononi. Mabati utayanunua na nini?

Ushauri wangu, subiri mpaka mwezi wa nane. Njooni Thika, kuna chumba nyuma ya duka, na Ndila ameshakifagia. Haraka haraka haina baraka.

Shemeji yako,
Nzau


Ruiru
4 Februari 1951

Shemeji Nzau,

Barua imefika, na pole kwa mgongo. Sisi ni wazima, ila Kamene ameng'oka jino na anataka ulione.

Nimeipitia orodha yako mstari kwa mstari. Kulala Nairobi: jirani yangu Gathoni ana dada yake Pumwani, atatupokea bure. Wapagazi: nina kichwa cha kubebea na mikono miwili. Turubai: nimeunganisha magunia manne ya kahawa, na mshono wangu ungekutia aibu. Sahani: nimezigawa, nimebaki na tatu za bati, na hizo hata uzitupe kutoka juu ya paa. Ugonjwa ni wa Mungu, sitabishana naye. Mizani sijui. Na hayo mambo ya shilingi hamsini ambayo hata wewe huyajui, kama huyajui umeyapimaje?

Nitakaa nyuma ya duka lako mpaka lini? Mpaka Kamene aolewe? Namheshimu Ndila, na ni kwa sababu namheshimu ndiyo maana sitaki tugombanie jiko moja. Kule kuna udongo unaoningoja. Kila asubuhi natazama mawingu, nikiona jeusi roho inaruka. Nimeuza kuku wote isipokuwa jogoo, ambaye amekataa kukamatwa.

Halafu, shemeji, kutoka Thika mpaka hapa ni safari ya saa moja. Mbona unaniandikia kana kwamba bado uko Burma? Njoo na pesa hizo mwenyewe, ule ugali, umwone mama yako.

Shemeji yako,
Mama Kamene


Thika
11 Februari 1951

Shemeji mpendwa,

Tunamshukuru Mungu, tumeamka salama. Jino la mama lihifadhi, nitakuja kuliona kazi ikipungua. Sasa hivi duka limejaa vitambaa mpaka mlangoni.

Umejibu vizuri, sikatai. Lakini umesahau kitanda. Ndugu yangu alikiundia mle mle chumbani, na ni kipana kuliko mlango. Kitatokaje? Lazima kikatwe kwa msumeno, halafu kiungwe tena huko uendako. Nimeuliza kwa fundi Jeconia hapa mtaani. Anataka shilingi ishirini na tano, na nafasi ataipata baada ya Pasaka. Huwezi kumwachia mgeni kitanda cha Kisilu, shemeji. Ni mbao ya mvule, na ni jasho lake.

Kwa hiyo tungoje Pasaka ipite. Meneja nitamwandikia mimi, kwa Kiingereza, aongeze mwezi mmoja. Pesa ziko salama kwenye sanduku langu la chuma.

Shemeji yako,
Nzau


Ruiru
20 Februari 1951

Nzau,

Leo sina salamu ndefu. Kamene ni mzima.

Jumapili nilitoa godoro ili nione mahali pa kupitisha msumeno wa Jeconia wako. Nilipoinama nikaona kitanda hiki hakina msumari hata mmoja. Kila kiungo kimeshikwa na kigingi cha mti, na vigingi ni kumi na viwili. Nikagonga kimoja kwa mchi, kikatoka. Nikagonga cha pili. Kabla chai haijachemka kitanda kizima kilikuwa mbao sakafuni, nami nimekaa katikati yake nalia.

Kisilu alikuwa akiniambia, "Mama Kamene, sisi tutazeekea kwenu. Huko mvua ni ya uhakika." Nilidhani ni maneno ya kumfurahisha mke. Kumbe alishakiunda kitanda kwa ajili ya safari hiyo.

Kisha nikakumbuka jambo lingine. Mwaka ule alipokiunda, kuna mtu alikuja kutoka Thika Jumapili tatu mfululizo kumshikia mbao. Nilimpikia muthokoi wa mahindi na maharagwe mtu huyo, akala akaongezwa. Ulivijua vigingi hivi, Nzau. Ulivijua, na bado ukaniandikia habari za msumeno. Sasa naanza kuona orodha yako yote ilikuwa ya nini. Ulitaka tukae, na ukaogopa kusema.

Nitaondoka Jumatano, tarehe ishirini na nane. Nitaondoka na pesa au bila pesa. Jogoo nitamwuza. Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Nakhumicha


Thika
25 Februari 1951

Shemeji yangu,

Umetia jina lako peke yake, bila ushemeji. Nimeliangalia jina hilo mpaka Ndila akaninyang'anya karatasi. Alipomaliza kusoma hakunigombeza. Aliniambia tu, "Wewe Nzau, si mizigo unayoihesabu. Unaogopa kuachwa na mama yako." Nikatoka nje nikasingizia moshi.

Mficha uchi hazai. Vigingi nilivijua. Vinne nilivichonga mimi, ndivyo vilivyopinda. Orodha ya kwanza niliiandika kwa nia safi, naapa. Lakini niliona kila nilipoongeza mstari, siku ya kuondoka inasogea mbele na mimi napata pumzi. Nikaendelea kuongeza. Meneja sikumwandikia. Nimekukosea wewe, na nimemkosea ndugu yangu kaburini.

Unajua mama alifariki nikiwa Burma. Barua ilinifikia baada ya miezi mitatu, nikaisomea kwenye magunia ya mchele. Niliporudi, Kisilu hakuniambia pole. Aliniwekea mtoto mapajani akasema, "Mama yako huyu hapa, acha kulia." Sasa Kisilu hayupo, na mama anakwenda tena, na mimi niko mbali tena. Hofu hiyo ilinishinda, shemeji. Wazee nao walikuwa wananisukuma, wanasema mtoto ni wa ukoo. Nimewaambia mtoto ana mama yake.

Zacharia atakuletea mia mbili na arobaini zote, zihesabu mbele yake. Atakuletea pia gauni la Kamene, la kitambaa cha maua. Ndani ya pindo nimeshona shilingi thelathini zangu mwenyewe. Hilo ndilo fungu la dharura. Usilifumue mpaka litokee jambo ambalo halikuwa kwenye orodha yangu wala yako.

Stesheni sitakuja. Nina wateja. Na hata kama ningekuwa sina wateja, nisingeweza.

Shemeji yako, kama bado wanikubali,
Nzau


Kimilili
22 Aprili 1951

Shemeji yangu Nzau,

Salamu kutoka kwetu, wewe na Ndila na cherehani. Mgongo unaendeleaje? Nisamehe kwa kimya cha miezi miwili. Tulifika, tukashika jembe, na hatukuliweka chini mpaka juzi. Mahindi yamefika magotini. Kaka yangu anapita kando ya shamba akitazama upande mwingine.

Najua unataka kusikia hesabu. Gari la Ruiru halikuchelewa. Sahani hazikuvunjika. Hakuna aliyeugua. Mvua ilitukuta Bungoma na magunia yangu hayakupitisha tone. Lakini karani wa Nairobi aliipima mizigo upya, akadai shilingi kumi na tano, bila kuzidi wala kupungua, na palepale kwenye mizani nilikutukana na kukushukuru kwa pumzi moja. Jogoo hakuuzika, nikasafiri naye. Alitoroka stesheni ya Nakuru, na sijui wewe ungemwandika kwenye mstari gani.

Sijakasirika tena. Nilikasirika mpaka Eldoret, halafu Kamene akanilalia na gauni lake jipya, nikalipapasa lile pindo, nikaona huyu mtu alikuwa akitupenda tu, ila alitupenda kwa orodha.

Sasa kuna habari. Kitanda kimesimama, lakini kwa vigingi kumi na kimoja. Cha kumi na mbili, kimoja cha vile vyako vilivyopinda, Kamene amekificha. Nilichonga kingine, akakitoa. Kaka alichonga cha pili, mtoto akakitia motoni. Anasema hicho ni kazi ya mwanawe, na mpaka mwanawe aje, tundu litakaa wazi. Nimembembeleza na nimemchapa. Hataki.

Basi limetokea jambo ambalo halikuwa kwenye orodha yako wala yangu. Nimefumua pindo. Katika bahasha hii kuna hawala ya posta ya shilingi thelathini: kumi na nne za kuja, kumi na nne za kurudi, na mbili za mpagazi, kwa ajili ya mgongo. Za kutoka Thika mpaka Ruiru utajilipia mwenyewe, hiyo ni adhabu yako. Bungoma tutakupokea kwa baiskeli.

Kamene ananishika mkono ninapoandika. Ametaka niweke maneno yake kama alivyoyasema: "Mwanangu Nzau, kitanda kinalia. Njoo na nyundo. Usikanyage umande."

Shemeji yako,
Mama Kamene
na mama yako