Mwambie Bosi Bado Ni Wangu

Basi, mjukuu wangu, mke mwenzangu Kabula, simu ilikatika nikiwa bado nasema. Sisi wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kiume, akilia wanamsikia mpaka Nkoma.

Sasa unaniuliza mambo yaliyopita uyaandikeje kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza niliishia kwenye salamu, ila sikiliza.

Miaka ile kampuni binafsi za pamba zilipoanza kuingia, babu yako alipata kazi kwenye kinu cha pamba kule Maswa. Msimu ukaisha, mtu harudi. Nikasikia kuna mwanamke anampikia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha! Nikaenda kwa mwalimu aniandikie barua kwa bosi wake, mgeni asiyejua Kiswahili.

Mwalimu akauliza, "Mama, huyu alikuwa mume wako, au mpaka leo ni mume wako? Kiingereza chake ni tofauti."

"Alikuwa!" nikafoka.

"Haya. Ila nikiandika kwamba yamekwisha, bosi atakupa pole tu."

Majirani waliokuja kuandikiwa barua zao wakageuka wote, wananitazama mdomo.

"Andika bado ni wangu. Tena mwambie namtaka akiwa mzima, nimpige mwenyewe."

Wiki haikuisha, babu yako huyo, na baiskeli na kanga mbili.

Kwa hiyo ukikwama, jiulize kwanza kama jambo lenyewe limekwisha kweli.

Haya, babu yako ananiita huko nje. Ng'ombe wameingia kwenye mpunga wa jirani. Ng'ombe ni wake, wa kukimbia ni mimi.